Gari linatulia taa ya injini ikiwaka: fuata nyaya za sensa ya joto kabla ya kununua kompyuta

Swali: "Nina gari la petroli la miaka ya 1990, silinda nne, mfumo wa EFI (kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kumwaga). Asubuhi linawaka vizuri na sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Likishapata moto, mngurumo unapanda na kushuka wenyewe, moshi mweusi unatoka, linanuka petroli na linakula mafuta vibaya. Mara mbili limezima kwenye foleni na kukataa kuwaka mpaka lilipopoa kama dakika ishirini. Nimeshabadilisha plagi, sensa ya oksijeni, na sensa ya hewa ambayo niliipata iliyotumika. Taa ya injini huwaka na kuzimika yenyewe, na cha ajabu, ikiwaka gari hutulia kidogo. Fundi sasa anasema kompyuta ya injini imekufa, nitafute nyingine. Ninunue?"

Usinunue. Katika maelezo yako kuna jambo moja dogo ambalo huenda fundi alilisikia akalipita: taa ikiwaka, gari linatulia. Kompyuta iliyokufa haina tabia hiyo. Hiyo ni tabia ya kompyuta nzima inayoletewa habari za uongo. Uongo ukizidi hadi ikaushtukia, inaacha kusikiliza, inawasha taa, na inaendesha injini kwa kukisia. Makisio yake yakiwa bora kuliko habari zinazotoka kwenye sensa, basi mbovu ni hizo habari.

Habari zipi sasa? Magari ya EFI ya umri huo yana sensa chache, yaani vipimo vinavyoiarifu kompyuta hali ya injini, na kila moja hulitesa gari kwa namna yake. Sensa ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ikichakaa, gari hushtuka pale unapokanyaga mafuta taratibu. Sensa ya kranki (inayofuatilia mzunguko wa injini) ikikata, injini huzima ghafla kama vile umegeuza funguo. Lakini gari linalowaka vizuri likiwa baridi, kisha likazidi kutoa moshi mweusi kadiri linavyopata moto, mimi hunipeleka kwanza kwenye sensa ya joto la maji na nyaya zake mbili. Nitakueleza kwa hesabu, maana hesabu yenyewe ndiyo itakayokuonyesha pa kuweka mita.

Sensa hiyo ni kitu kidogo chenye ukubwa wa ncha ya kidole, kimezama kwenye maji ya kupozea injini, mara nyingi karibu na themostati, ile vali inayozuia maji mpaka yapate moto. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme (hupimwa kwa omu), hushuka joto linapopanda. Kwa sensa nyingi za Kijapani za wakati huo, maji yakiwa nyuzi 20 utapima kama omu 2,500, na yakifika nyuzi 80 utapima kama omu 320. Kompyuta hutoa volti 5, ikazipitisha kwanza kwenye rezista iliyo ndani yake (tuichukulie kuwa ya omu 2,700), ndipo umeme unakwenda kwenye sensa na kurudi kwa waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri). Kinachopimwa ni volti zilizopo pale baada ya rezista. Injini ikiwa baridi zinakuwa kama 2.4, ikiwa na moto zinashuka hadi kama 0.5. Kwa namba hizo kompyuta inajua imwage mafuta kiasi gani.

Tuseme sasa koneta ya sensa, ile plagi ya nyaya zake, imeota ile kutu ya kijani, na kutu hiyo imeongeza omu 1,500 njiani. Asubuhi, omu 2,500 za sensa zinakuwa 4,000. Kompyuta inaona karibu volti 3 na kudhani maji yako kwenye nyuzi 9 au 10 badala ya 20. Inaongeza mafuta kidogo. Injini baridi inataka mafuta mengi hata hivyo, kwa hiyo husikii kitu, pengine linawaka vizuri kuliko la jirani. Nusu saa baadaye maji yamefika nyuzi 80. Omu 320 za sensa pamoja na zile 1,500 za kutu zinakuwa 1,820. Kompyuta inaona volti 2, na volti 2 kwake ni maji ya nyuzi 28 hivi. Kutu ni ile ile, haijaongezeka wala kupungua, lakini asubuhi ilikosesha nyuzi 10 na sasa inakosesha zaidi ya 50. Injini imeiva na kompyuta inailisha kama ndiyo kwanza imeamka. Moshi mweusi, harufu ya petroli na sailensi inayopanda na kushuka vyote vinatoka hapo.

Taa je, mbona haiwaki muda wote? Kwa sababu volti 2 ni jibu halali. Kompyuta ya wakati huo huwasha taa pale inapoona jambo lisilowezekana, yaani volti zikikaribia 5 (waya umekatika) au zikikaribia sifuri (waya umepiga shoti). Gari likipita kwenye shimo, waya ukaachia kabisa, inaona volti 5. Hiyo ni baridi ambayo hakuna injini iliyo nayo, kwa hiyo inaitupa habari hiyo na kuweka namba yake ya akiba. Magari mengi ya Toyota, kwa mfano, huchukua nyuzi 80. Nawe injini yako wakati huo iko kwenye nyuzi 80 au zaidi kidogo! Gari linatulia. Waya ukigusana tena, taa inazima, na moshi unarudi.

Hivyo ndivyo ninavyozisoma dalili zako. Lakini dalili hazitoshi kumfanya mtu anunue kitu, na wewe umeshanunua vitatu kwa dalili tu. Tupime.

Kabla ya mita kuna mambo machache ya kuondoa njiani. Hakikisha themostati ipo na inafanya kazi. Ikiwa kuna aliyewahi kuing'oa, au imekwama wazi, maji hayapati joto linalotakiwa, na hapo sensa inasema kweli kabisa kuwa injini ni baridi. Angalia betri: iwe kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa na kupumzika, na kati ya 13.8 na 14.5 ikiwa inaunguruma. Kisha chomoa kile kimpira chembamba cha vakyumu kinachokwenda kwenye regyuleta ya shinikizo la petroli, pale kwenye reli ya nozeli, ukinuse na kukitazama ndani. Kikiwa na petroli, ngozi ya regyuleta imepasuka na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia hapo. Huo ni ugonjwa mwingine wenye moshi mweusi ule ule, hugundulika kwa dakika moja, na umeshafanya sensa nyingi zisingiziwe. Kagua na mipira mingine ya hewa kama imepasuka. Usiipite hatua hii kwa sababu ni rahisi.

Kisha soma namba za hitilafu, na uzisome kabla hujachomoa betri, maana ukiichomoa zinafutika. Mfumo mmoja wa kusoma hitilafu, ule wenye soketi ya pini 16, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Gari la kabla ya hapo lina njia yake, na hata likiwa na soketi ya pini 16, mashine ya kawaida ya kusomea inaweza isielewane nalo. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kiboksi chini ya boneti chenye matundu yenye majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. 24 ni joto la hewa, 31 ni kipimo cha hewa, 41 ni throtoli, 21 ni oksijeni. Gari lako likiwa la kampuni nyingine, tafuta utaratibu wa modeli yako hasa. Ukiunganisha tundu lisilo lake unaweza kuunguza kitu ambacho hakikuwa na shida.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea. Namba 22 haisemi kuwa sensa ni mbovu. Inasema kwamba volti zilizofika kwenye kompyuta kutoka upande huo hazikubaliki. Njiani kuna sensa, koneta yake, waya wa kwenda, waya wa ethi, koneta ya kompyuta, na kompyuta yenyewe. Gari la miaka thelathini limepikwa na kupoa maelfu ya mara, na nyaya zake zimepikwa pamoja nalo. Kwa uzoefu wangu, katika magari ya umri huo waya na koneta hukosea mara nyingi kuliko sensa.

Chukua mita ya dijitali. Usitumie taa ya majaribio, ile yenye balbu na msumari, kwenye nyaya za kompyuta. Balbu huvuta mkondo mkubwa kuliko ule ambao njia hizi zimetengenezewa. Usitoboe ganda la waya kwa sindano pia, maana tundu hilo ndilo litakaloingiza maji mwaka ujao. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya koneta, sambamba na waya, mpaka iguse chuma.

Hakikisha kwanza umeshika sensa yenyewe. Magari mengi ya wakati huo yana mbili zinazokaa karibu karibu: yenye waya mmoja ni ya mshale wa joto kwenye dashibodi, yenye nyaya mbili ni ya kompyuta. Mshale wako unaweza kukaa katikati vizuri huku kompyuta ikiamini uko kwenye barafu. Nimeona mtu amebadilisha ya waya mmoja mara mbili.

Injini ikiwa na moto na inaunguruma, koneta ikiwa imechomekwa, pima volti kati ya nyaya mbili pale pale kwenye sensa. Andika. Kisha nenda kwenye kompyuta yenyewe, ambayo mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi au chini ya zulia upande wa miguu. Tafuta pini ya sensa ya joto na pini ya ethi ya sensa kwa kufuata mchoro wa nyaya wa gari lako, upime tena. Njia ikiwa safi, namba mbili hizo zinafanana. Kwa ile kutu ya mfano wetu, kwenye sensa ungeona karibu 0.35, na kwenye kompyuta ungeona 2.0. Ukiwa umepima kwenye sensa peke yake ungesema mambo ni mazuri, na ungerudi kuilaumu kompyuta. Ile tofauti ya volti 1.65 imepotelea kwenye waya, na sasa unajua kwamba inabidi kuitafuta huko.

Kujua ni waya upi kati ya miwili ni rahisi. Weka ncha moja ya mita kwenye mwanzo wa waya na nyingine kwenye mwisho wa waya ule ule, injini ikiunguruma. Waya mzima husoma karibu na sifuri. Wenye ugonjwa ndio utakaokuonyesha zile volti zilizopotea. Utahitaji kurefusha waya wa mita ili ufike kutoka injini hadi ndani ya gari, kazi ya dakika tano.

Kuna kipimo kingine cha haraka ninachokipenda. Zima gari, chomoa koneta ya sensa, washa swichi. Kati ya matundu mawili ya koneta upate karibu volti 5. Sasa yaunganishe matundu hayo kwa kipande kifupi cha waya (kwa sensa hii ya nyaya mbili tu, usijaribu kwenye sensa za nyaya tatu), kisha pima kwenye pini za kompyuta. Sensa haipo tena kwenye hesabu. Njia safi itakupa karibu sifuri, chini ya volti 0.1. Ukipata 1.8, ni zile omu 1,500 zinajionyesha, na sensa imeshasafishwa jina bila ya kuinunua.

Watu wengi huchomoa waya pande zote, wakapima omu, wakapata sifuri, wakasema waya ni mzima. Kipimo hicho kinakubalika kwa kiasi. Waya wa ethi ya injini uliobakiwa na nyuzi mbili kati ya ishirini nao unasoma sifuri kwenye mita, kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno. Ndiyo maana napendelea kupima volti zinazopotea huku kazi ikiendelea.

Ethi ndiyo inayofuata, na hapa usiwe na haraka. Sensa ya joto la maji, ya joto la hewa, ya throtoli, na mara nyingi ya kipimo cha hewa, hurudisha umeme wao kwa waya mmoja wa pamoja. Waya huo ukiwa na shida, sensa zote zinasogea kwa pamoja, na fundi anaona namba tatu za hitilafu akadhani sensa tatu zimekufa siku moja. Injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwa zimewashwa, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye waya wa ethi wa sensa. Zaidi ya volti 0.1 hapo sikubali. Kisha weka nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini na mtu apige stata. Ikipanda zaidi ya volti 0.5, waya mnene wa ethi kutoka betri kwenda injini, au boliti zake, zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Nilishawahi kupewa gari ambalo injini yake ilikuwa imetoka kwenye ovahoo. Lilikuwa likishtuka kila feni ya rejeta inapowaka. Nyuma ya silinda hedi, mahali ambapo mkono unafika kwa kubahatisha, kulikuwa na kichwa cha waya wa ethi kimefungwa vizuri kabisa kwa boliti mpya, juu ya rangi mpya. Rangi ndiyo ilikuwa kati ya waya na injini. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya boliti tu. Nilikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga tena, na ugonjwa ukaisha. Kwa hiyo kama gari lako limewahi kushushwa injini au kufungwa alamu, anza kukagua pale ambapo mikono ya watu imepita.

Mita ikishakuambia kuwa shida iko kwenye waya, utaitafuta kwa vidole. Acha injini ipate moto, iache mita ikiwa imeunganishwa kwenye kompyuta mahali unapoweza kuiona, kisha pita na fungu la nyaya taratibu, sentimita tano tano, ukipinda na kuvuta kidogo. Simama zaidi pale fungu linapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kwa kuwa injini inatikisika na bodi haitikisiki. Simama pia karibu na ekzosi, kwenye vishikizo vya plastiki vilivyovunjika, na popote palipofungwa utepe ambao haukutoka kiwandani. Namba kwenye mita ikiruka, rudi nyuma mpaka iruke kila unapogusa hapo hapo.

Waya uliokufa ndani una hisia yake mkononi. Gari moja nililifuatilia hivyo karibu saa nzima. Koneta ya sensa ilikuwa safi, pini zinang'aa, ganda la waya halina hata mkwaruzo. Nikaushika waya sentimita nne hivi nyuma ya koneta, ukalegea kama uzi wa kitambaa, wakati sehemu yake nyingine ilikuwa ngumu kama waya ulivyo. Nikauvuta kidogo, ganda likarefuka kama mpira. Nilipolichana, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani na weusi, nyuzi mbili tu ndizo zilizokuwa bado zimeshikana. Injini ikitulia ziligusana, ikitikisika ziliachana. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha sensa ile mara tatu.

Kutengeneza waya kunataka subira. Ile kutu ya kijani hupanda ndani ya ganda, wakati mwingine sentimita kumi, kwa hiyo kata ukirudi nyuma mpaka ukute shaba nyekundu inayong'aa. Lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi, itakaa juu kama tone la maji kwenye nta na kukudanganya. Unga kipande kipya cha unene ule ule, kwa lehemu au kwa kiungo cha kubana kilichobanwa kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Ufunge waya huo usicheze karibu na ulipoulehemu, kwa sababu lehemu huufanya uwe mgumu na hukatika pembeni yake. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia utepe ni kuahirisha ugonjwa. Ikiwa pini za koneta zimepanuka hadi haziumani, badilisha koneta nzima pamoja na vipande vyake vya waya. Tahadhari moja zaidi: ukikutana na waya uliovishwa wavu wa chuma, kama wa sensa ya kranki au ile ya kusikia injini inapogonga, wavu huo uunganishwe ethi upande mmoja tu, kama ulivyokuwa. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme.

Kuhusu vitu ulivyokwisha kununua. Sensa ya oksijeni kwa kawaida huwa inacheza kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa na moto. Yako ikiwa imeganda kwenye 0.8 au 0.9, inasema mafuta yamezidi, na ni kweli yamezidi. Usiihukumu mpaka utengeneze waya. Inaweza kuwa imepakwa masizi, na kwa kawaida masizi huungua yenyewe gari likiendeshwa vizuri kwa muda. Sensa ya hewa iliyotumika sikuiamini tangu niliposoma swali lako. Kama ile ya zamani bado unayo, irudishe. Hukuwahi kupata ushahidi kwamba ni mbovu, na kwa kuweka nyingine usiyoijua historia yake umeongeza shaka juu ya shaka. Plagi zitoe uzitazame: zikiwa zimejaa masizi makavu meusi, zisafishe au ziweke pembeni mpaka mchanganyiko wa mafuta urudi sawa.

Kompyuta naiweka mwisho, ila siikatai. Zipo zinazokufa. Zile za miaka ya 1990 zina kapasita ambazo huvuja maji yake kwa uzee, zikala mistari ya shaba kwenye ubao. Ukifungua mfuniko ukasikia harufu kama ya samaki, au ukaona doa la kahawia chini ya kapasita, hapo fundi wako ana hoja, na mara nyingi fundi wa elektroniki anaweza kubadilisha kapasita hizo bila kununua kompyuta nyingine. Lakini kabla ya kuihukumu, pima kwamba inapata umeme wa betri muda wote, umeme wa swichi ikiwashwa, na ethi zake zote. Kompyuta inayokosa ethi moja hufanya vituko vyote vya kompyuta mbovu.

Limebaki lile la kuzima kwenye foleni. Linaweza kuwa ni ugonjwa huo huo: mafuta yamezidi, plagi zimelowa, na zile dakika ishirini ni muda wa petroli kukauka. Linaweza pia kuwa jambo la pili kabisa, na sitaki utengeneze la kwanza ukadhani umemaliza. Kwa hiyo tengeneza waya, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili namba za zamani zifutike, endesha gari siku chache, kisha soma tena.

Likizima tena, usikimbilie kufungua boneti. Piga stata ukiwa umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Magari mengi ya EFI hukata petroli ukifanya hivyo, na kama lilikuwa limejaa mafuta, litakohoa na kuwaka. Lisipowaka, endelea kupiga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Katika magari mengi hutikisika kidogo injini ikizungushwa. Ukikaa kimya kwenye sifuri, elekea kwenye sensa ya kranki, au koili ya kuchukulia mawimbi iliyo ndani ya distribyuta (kigawa moto wa plagi). Ukinzani wake upime hapo hapo, ikiwa bado na moto, kwa sababu waya wake mwembamba huachana joto linapoupanua na kushikana tena ukipoa; ukisubiri mpaka ufike gereji utaikuta nzima. Mshale ukitikisika lakini husikii pampu ya petroli ikilia ile sekunde moja au mbili unapowasha swichi (kama kawaida gari lako huiliza hapo), fungua rilei kuu ya EFI, ile swichi ya umeme inayoulisha mfumo huo, utazame lehemu za pini zake kwa kioo cha kukuzia. Ufa wa duara unaoizunguka pini, mwembamba kama unywele, unatosha kuzima gari kila kabini inapopata joto, na unatengenezwa kwa kuyeyusha lehemu ile na kuongeza mpya kidogo.